Nako Ikilowa, Usikimbilie Sili

Egesha Land Cruiser ya zamani usiku mmoja kwenye sakafu ya saruji, asubuhi chungulia nyuma ya matairi ya mbele. Ukikuta doa jeusi upande wa ndani wa tairi, na vumbi limeganda kuzunguka nako, kile kiungo cha chuma nyuma ya gurudumu kinachogeuka na usukani, kama ukoko wa sufuria, oili imetoka ilikofungwa. Mwenye gari atasema sili, pete ya raba inayozuia oili, imekufa. Fundi ataitikia, atafungua, atapachika sili mpya, atafunga. Miezi miwili baadaye doa liko palepale na lawama zinaangukia spea: "Hizi sili za siku hizi feki." Kuna siku kweli ni feki. Mara nyingi zaidi sili ile imeuliwa na kitu kilichoachwa humohumo ndani, nacho kitaiua na ya tatu.

Tunazungumzia Land Cruiser zenye ekseli nzima mbele: matoleo ya 80, 105, na ukoo wa 70, yaani 75, 78 na 79, zile hardtop za mkonga, pikapu za miradi na magari ya watalii yaliyorefushwa yaliyojaa Arusha. Muundo wao ni mmoja, ingawa vipimo vya mkazo vilivyotajwa hapa ni vya 80.

Bomba la ekseli linaishia kwenye tufe la chuma. Nako inalizunguka tufe hilo kwa kushikwa na beringi mbili za kingipini, yaani za mhimili inaogeukia, moja juu na moja chini. Katikati ya tufe inapita shafti, nayo mwisho wake una sivi-jointi yenye gololi sita, ndiyo inayoruhusu gurudumu kukata kona huku likivutwa na difu, lile sanduku la gia la ekseli. Upande wa difu kuna oili ya gia, upande wa nako kuna grisi, na kinachotenganisha viwili hivyo ni sili moja ndogo iliyopigiliwa ndani ya tufe. Nyuma ya nako kuna seti nyingine ya kufuta tufe: pete ya chuma, ya raba na ya felti, zimebanwa na vibati viwili vya nusu duara. Hii ya nyuma haikutengenezwa kuzuia oili. Kazi yake ni kuzuia vumbi lisiingie na grisi nzito isitoke. Oili ikishapita sili ya ndani huchanganyika na grisi, mchanganyiko unakuwa mwepesi, na felti haiwezi kuushika. Hapo ndipo doa linapoonekana.

Kabla hujashika spana, tazama juu ya nako: kuna plagi yenye kichwa cha mraba. Ifungue, tumbukiza kijiti. Kikitoka na grisi nyeusi nzito inayovutika, sili ya ndani bado ina uhai na huenda tatizo ni felti tu. Kikitoka na kitu kama uji wa ulezi, chenye harufu kali ya oili ya gia, difu inamwagikia nako. Kikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na hapo usipoteze siku, kwa sababu sivi-jointi iliyolala kwenye maji hupata vidoa vya kutu ambavyo havitoki kwa kupaka grisi juu yake.

Halafu inua gari, weka stendi chini ya ekseli, shika tairi juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki kwa nguvu, kisha rudia. Mchezo ukiisha, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, macho yaende nyuma ya nako: utaiona ikipanda na kushuka juu ya tufe, na hizo ni beringi za kingipini. Shika sasa kushoto na kulia. Mchezo wa upande huo ni wa tairodi, fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele, na viungo vya usukani. Jaribio hili la breki linachukua dakika mbili, na ni ajabu jinsi linavyorukwa na watu wanaotangaza bei ya kazi nzima kwa kutazama tu.

Beringi za kingipini zina tabia mbaya ya kufa kimyakimya. Gari likienda moja kwa moja kwenye barabara ya changarawe yenye mawimbi, beringi hizo hazizunguki. Zinapigwa palepale, saa baada ya saa, na kila rola inachimba mahali pake. Chomoa tairodi na uzungushe nako kwa mkono: itateleza, ikifika katikati itadumbukia kama mlango unaoingia kwenye komeo. Ukishafungua, peleka kikombe cha beringi kwenye mwanga. Utaona mistari mifupi ya kijivu imepangwa sambamba kama meno ya kitana, kila mmoja na urefu wa rola moja, na ukipitisha ukucha unakwama. Beringi ya namna hiyo hairudi kazini hata kama rola zenyewe zinang'aa. Ndiyo inayofanya usukani ugome kurudi katikati, na ndiyo mara nyingi iko nyuma ya mtetemeko mkali unaoshika gari likigonga shimo likiwa kwenye mwendo, hadi dereva asimame kabisa. Watu hununua shokapu mpya ya usukani. Mtetemeko unapungua kwa wiki kadhaa kwa sababu shokapu inauficha, beringi inaendelea kuliwa.

Na hapa ndipo inapokutana na sili. Beringi za kingipini zikilegea, na bushi ya shaba iliyo ndani ya spindo, bomba fupi linalobeba habu ya gurudumu, ikilika, sivi-jointi inakosa pa kutulia. Inashuka kidogo, shafti inashuka nayo, na mdomo wa sili unabanwa upande mmoja na kuachwa wazi upande mwingine. Weka sili yoyote hapo, hata iliyotoka kiwandani asubuhi hiyo, itavuja.

Muuaji wa pili ni wa bei rahisi kuliko wote na ndiye anayesahaulika zaidi: kipumulio cha difu. Difu ikipata moto hewa ndani inatanuka, na lazima itoke. Kipumulio kikizibwa na tope, hewa inatafuta njia nyingine, na njia iliyo laini ni sili, ikisukuma oili mbele yake. Kinyume chake hutokea mtoni. Ekseli yenye moto ikizama kwenye maji baridi, hewa inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili hizohizo. Fungua kipumulio, kioshe kwa dizeli, kipulize mdomoni. Kama hakipitishi, badilisha. Wanaovuka maji mara kwa mara huvuta mpira mwembamba kutoka kwenye ekseli hadi juu ndani ya boneti, na huo ni utaratibu mzuri mradi mpira usikunjwe mahali.

Wa tatu ni shafti yenyewe. Pale sili inapokaa, baada ya miaka, kunachimbika mfereji. Ukiuhisi kidogo tu, paka msasa namba 400 wenye mafuta, ukizungusha kufuata mduara na si kwa kukwangua kuelekea urefu wa shafti. Ukiwa na kina cha kushika ukucha, sili mpya haitaziba hapo. Ama shafti ibadilishwe, ama sili ikae milimita moja au mbili pembeni ya mfereji ikiwa nafasi ipo, na shafti nyingi zina nafasi hiyo.

Nunua vitu vya pande zote mbili kwa pamoja, hata kama unaovuja ni mmoja, maana upande wa pili umetembea kilomita zilezile: beringi za kingipini 4, sili za ndani 2, seti za felti 2, sili kubwa za habu 2, gasketi za spindo 2 na za flanji (sahani ya nje inayounganisha shafti na habu) 2, washa za kufungia nati 2, saklipu, yaani pete za kubana, za mwisho wa shafti 2. Beringi za gurudumu, 2 kila upande, zikaguliwe kwanza. Grisi kilo 2 na nusu zinatosha kwa utulivu: nyeusi ya moli (molibdenamu) kwa sivi-jointi na nako, ya lithiamu namba 2 kwa beringi za gurudumu. Karibu lita 3 za oili ya gia 80W-90 kwa difu. Kuhusu beringi, mikono inajua kabla ya macho: ya kweli ikizungushwa kavu kidoleni huteleza bila chembechembe, na namba zake zimechorwa safi, hazipanguki kwa petroli.

Vifaa viwili havina mbadala. Kimoja ni soketi ya milimita 54 ya nati za habu. Nati hizo hufunguliwa kwa tindo na nyundo kwenye gereji nyingi sana, na matokeo yake ni vipande vidogo vya chuma vinavyodondokea kwenye beringi unayotaka kuiokoa. Kifaa cha pili ni mizani ya springi, ile ya kuning'iniza ya muuza samaki. Matumizi yake yanakuja.

Kufungua kwenyewe si kugumu. Tairi likishatoka, fungua kalipa na uifunge kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa mpira wake wa breki. Toa kifuniko cha vumbi na saklipu. Nati sita za flanji zinatoka haraka, lakini chini yake kuna washa za koni zilizojibana kwenye stadi, na hapo wengi huanza kuchokonoa kwa bisibisi hadi stadi inaharibika uzi. Rudisha nati kidogo kulinda uzi, kisha gonga flanji pembeni ya stadi kwa kipande cha shaba, mara moja ya nguvu. Koni zinaruka zenyewe. Dawa hiyohiyo inatumika kwenye mkono wa usukani, kipande cha chuma kilichofungwa kwenye nako.

Habu ikishatoka na diski yake, fungua bolti 8 za spindo, weka karai chini, gonga spindo kwa nyundo ya mpira. Uji wote utamwagika wakati huo. Shafti nayo ina mpangilio wake wa kutoka: zungusha sivi-jointi hadi bapa lake lielekee juu, ndipo ipite kwenye tufe bila kulazimishwa. Kabla ya kutoa mkono wa usukani na kifuniko cha beringi, andaa kopo nne zenye alama, kushoto juu, kushoto chini, kulia juu, kulia chini. Shimu, vibati vyembamba vilivyopo pale, ndizo zinazoweka nako katikati ya tufe. Zikichanganywa, umejitengenezea kazi ya kupima ambayo hukuhitaji.

Sehemu kubwa ya siku ni kuosha. Dizeli au mafuta ya taa, brashi, vitambaa vingi. Tufe likiwa na kutu, lisuguliwe hadi kidole kisihisi shimo, maana kila shimo la kutu ni kisu kinachokata raba na felti kila unapopinda. Sivi-jointi itenganishwe na shafti. Shika shafti ikielekea chini, piga nyota ya ndani, kile kipande kinachoshika shafti katikati ya gololi, kwa shaba, pigo fupi kali, inaachia. Ipindishe, toa gololi moja moja, tafuta vidoa kwenye njia zake na nyufa kwenye kizimba kinachoshika gololi. Ikiwa ilikuwa inagonga ka-ka-ka kwenye kona kali lakini hakuna ufa, upo ujanja wa kuaminika: hamisha ya kushoto iende kulia na ya kulia ije kushoto. Mzigo wa kwenda mbele utaangukia upande wa njia za gololi ambao haujaliwa, na jointi inaishi muda mrefu tena. Shafti za ndani zenyewe hazihamishwi, urefu wake si sawa.

Vikombe vya zamani vya kingipini vinatolewa kwa kugonga kutoka ndani ya tufe, ukibadilisha upande kila pigo ili visikwame mshazari. Kikombe kipya kilaze kwenye friza, kisha kisukume kwa kutumia kile cha zamani kama ngao. Sikiliza nyundo. Kikiwa bado kinaingia mlio ni mwepesi wa kuita. Kikifika chini mlio unabadilika ghafla, unakuwa mzito na mfupi, na mkono unarudishiwa pigo. Ukiacha kabla ya mlio huo, kikombe kitajikalia chenyewe barabarani na mkazo wote uliopima utapotea.

Sasa mizani. Funga nako ikiwa tupu: bila shafti, bila felti, beringi zimepakwa grisi, shimu zilezile mahali pale pale, nati za mkono wa usukani na kifuniko zimekazwa Nm 96 kwa spana ya kupimia mkazo. Zungusha nako mara kadhaa, kisha ning'iniza ndoano ya mizani kwenye tundu la tairodi na uvute polepole, ndoano ikiwa imenyooka na mwendo wa mkono. Nako inapoanza kusogea, mshale usome kati ya kilo 3 na 6. Chini ya hapo, punguza shimu. Juu ya hapo, ongeza, ukigawa sawa juu na chini ili nako isihame katikati. Kwa gari linaloishi kwenye changarawe na mzigo, tunapenda iwe kilo 5 na ushee badala ya 3 na nusu, kwa sababu beringi mpya hulegea baada ya kukaa. Lakini mwenye kukaza hadi 9 au 10 akidhani anaongeza uimara atapata gari ambalo usukani haurudi wenyewe baada ya kona, na vikombe vinavyochimbika mapema. "Nimesikia kwa mkono iko sawa" si kipimo. Mikono ya mafundi wawili wazoefu inatofautiana kwa kilo tatu bila shida.

Ukiridhika, fungua tena, maana pete za nyuma lazima zipite kwenye tufe kabla ya nako. Kuanzia upande wa difu: felti, raba, kisha ya chuma ikiwa ya mwisho, karibu na nako. Kusahau hili ni kosa la kila mtu mara moja. Sili ya ndani ipigiliwe kwa bomba au soketi yenye upana wake, mdomo ukitazama difu, ikiwa sawa pande zote, na mdomo upakwe grisi. Kisha shafti. Hapa ndipo sili mpya nyingi hufia kabla gari halijawashwa: fundi mmoja, mikono imechoka, shafti inalalia mdomo wa sili huku meno yake yakipita. Mtu wa pili aishike kwa chini, ipite ikielea, hadi meno yakamate difu. Isipoingia, zungusha, usisukume.

Grisi ya moli iingizwe kwenye sivi-jointi kwa kiganja hadi itokee upande wa pili, na nako ijazwe kama robo tatu. Kujaza pomoni kunainyima grisi pa kutanukia ikipata moto. Bushi ya ndani ya spindo nayo ipakwe, isiachwe kavu. Bolti za spindo Nm 47.

Kwa habu: kaza nati ya kwanza Nm 59 huku ukizungusha habu, izungushe huku na huku, legeza hadi nati izunguke kwa mkono, kisha kaza upya Nm 5.4. Huo ni mkazo mdogo mno kwa mtu aliyezoea mpini mrefu. Thibitisha kwa mizani ileile kwenye stadi ya tairi: habu ianze kuzunguka kati ya kilo 2.9 na 5.7. Washa mpya, nati ya pili Nm 64, pima tena kwa sababu nati ya pili husukuma ya kwanza, ndipo ukunje ulimi mmoja wa washa ndani na mwingine nje. Flanji Nm 35. Mwisho wa shafti una tundu lenye uzi wa milimita 8: funga bolti, vuta shafti nje, saklipu inaingia bila kutumia meno. Kalipa Nm 123, nati za tairodi Nm 91 na pini mpya. Breki haihitaji kutolewa hewa kama hukufungua mpira wake.

Stadi za mkono wa usukani kwenye 80 na 105 ni za kuchungwa. Koni zikirudishwa zikiwa na grisi au rangi, zinakaa uongo, nati inaonekana imekaza, mtikisiko unazilegeza, na stadi zikianza kukatika usukani unabaki mikononi. Zioshe zikauke kabisa, tia gundi ya kushika uzi wa nati, na baada ya kilomita 500 hivi rudi na spana ya kupimia mkazo kwenye hizo kwanza.

Kwa 70 zenye friwili habu, yaani habu zinazoweza kuachanishwa na shafti, kuna jambo moja zaidi. Zikiwa zimefunguliwa, sivi-jointi hazizunguki kabisa, grisi inashuka chini na sehemu ya juu inabaki kavu ikisubiri kutu. Zifunge na utembee kwa gia ya magurudumu yote manne kilomita 16 kila mwezi, kwenye vumbi au mchanga na si kwenye lami kavu. Ukibadilisha oili ya injini, fungua ile plagi ya mraba, tumbukiza kijiti, na kama kimetoka cheusi na kizito, andika kilomita kwa kalamu ya rangi ndani ya boneti na urudishe plagi.